Plimsoll, mstari wake, na bato zetu za Kivu

Wandugu wasomi, leo siongelei mihogo. Wale wanaosoma maandishi yangu hapa wanajua mimi ni mtu wa udongo, niko na lisansi ya agronomia, na nikiandika ni juu ya mbegu, mbolea ao bei ya maharagi. Lakini kuna kitabu kimoja kimenisumbua miezi sasa, na hakina hata jani moja la mmea ndani. Kinaitwa Our Seamen: An Appeal. Kiliandikwa na Samuel Plimsoll, mfanyabiashara wa makaa ya mawe na mbunge wa mji wa Derby kule Uingereza, kikatoka mwaka 1873. Ni kitabu juu ya meli za biashara zinazozama, na juu ya sheria iliyokosekana ya kuzizuia.

Niliingiaje huko? Tarehe 3 Oktoba 2024 bato Merdi ilitoka Minova ikazama karibu na bandari ya Kituku, Goma, watu wakiwa wanaiona kutoka ukingoni. Gavana wa Sud-Kivu alitangaza kwamba ndani mlikuwa watu 278 na 78 wamekufa. Upande wa Nord-Kivu walitoa hesabu iliyo chini zaidi. Bato yenyewe ilitajwa kuwa ya watu 80 hivi. Safari ile naijua. Tangu vita ifunge barabara ya Sake mwanzo wa mwaka ule, kila mwenye gunia la kupeleka Goma alipita ziwani, na mimi nilikuwa mmoja wao, niko nanunua maharagi Minova na kuyauza mjini juu kazi ya diploma yangu haijaonekana. Siku ile sikuwa ndani. Mama mmoja aliyekuwa ananiuzia vitunguu, na ambaye alinifundisha kuhesabu makuta haraka kuliko chuo, alikuwa ndani. Hakutoka.

Baada ya matanga rafiki yangu anayesoma sheria Bukavu alinitumia kitabu hiki kwenye simu. Akaandika tu: «Soma, ni watu wako.» Kingereza changu ni cha shule, tena cha zamani. Kilinichukua wiki tatu, dikshonari mkononi, nikisubiri umeme urudi.

Sasa kitabu chenyewe. Kwanza, si kitabu kizuri kwa maana tuliyofundishwa ya kitabu kizuri. Hakina mpango. Plimsoll mwenyewe anaonya mwanzoni kwamba hatungi kitabu, anaandika kama mtu anayemwandikia barua mtu mmoja kumwomba msaada, akimwambia yote yanayomjia kichwani. Na njo vile kilivyo. Anaanza jambo, analiacha, anarudi nyuma, anapandisha sauti. Profesa wangu wa mbinu za utafiti angekirudisha na wino mwekundu ukurasa wa kwanza. Lakini nilipofika katikati niliona kwamba yule mtu mmoja anayeandikiwa nilikuwa nimekuwa mimi. Miaka 150 imepita, na barua imefika Goma. Ripoti ngapi za tume zimepita mbele yetu zikiwa na mpango safi, na hakuna aliyejisikia ameandikiwa?

Pili, anafuata feza. Hapa njo nguvu ya kitabu. Wakati ule meli za Uingereza zilikuwa zinazama kila majira ya baridi na watu walisema ni Mungu, ni upepo, ni bahari. Plimsoll anasema hapana. Anaonyesha jinsi mwenye meli anaweza kununua chombo kizee, kukikatia bima kubwa kuliko thamani yake, kukijaza mpaka maji yako karibu kugusa sitaha, halafu kukituma. Kikifika, faida. Kikizama, faida kubwa zaidi. Mwenye meli halali na njaa usiku wowote kati ya ule wa kufika na ule wa kuzama. Meli za namna hiyo watu waliziita meli za majeneza. Anaeleza hata misumari ya uongo: kichwa cha shaba kinaonekana nje, mkaguzi anakiona anaridhika, lakini ndani hakuna msumari unaoshika ubao. Mafundi waliita misumari hiyo mashetani. Ukisoma sehemu ile ukiwa umewahi kukaa kwenye bato na kuangalia ubao ulio karibu na goti lako, utaweka simu chini kidogo.

Na baharia je? Baharia aliyesaini mkataba, akafika, akaona meli imeoza, akakataa kupanda, alipelekwa gerezani. Sheria ilikuwepo kabisa, wandugu. Sheria ya meli za biashara ilikuwa na kurasa na kurasa. Ila ilikuwa imemkamata yule anayeogopa, ikamwacha yule anayeogopesha. Hilo Plimsoll analirudia mpaka unachoka, na nadhani alitaka uchoke.

Tatu ni dawa anayoomba, na hapa naomba mnivumilie kidogo juu njo mahali agronome anaweza kusema kitu. Anaomba mambo mawili: meli zikaguliwe, na zipakwe alama ubavuni, mstari ambao maji hayapaswi kuupita. Basi. Wazo halikuwa lake peke yake: bima za Lloyd's zilikuwa na kanuni yao tangu 1835, inchi tatu za ubavu mkavu kwa kila futi moja ya kina cha ghala, na mwenye meli mmoja wa upande wa Newcastle, James Hall, alilipigania mbele yake. Jina la Hall limepotea, mstari unaitwa wa Plimsoll. Ulimwengu uko vile.

Uzuri wa mstari ni nini? Kwetu mzigo unahesabiwa kwa karatasi. Gunia linaandikwa kilo 100. Nani kati yetu aliyewahi kupima gunia la Minova akakuta kilo 100? Mimi nimepima. Linajazwa, linashindiliwa, linaongezewa kichwa cha majani na kamba juu, linafika kilo 120, 130. Mihogo isiyokauka vizuri inabeba maji ambayo hakuna anayeyaandika. Watoto wanaobebwa mgongoni hawaandikwi. Mama aliyepanda akiwa amechelewa, akalipa mkononi kwa motari, haandikwi. Kwenye karatasi bato ni nyepesi kama kuku. Lakini maji hayasomi karatasi. Chombo kinaingia ndani ya maji sawasawa na uzito wake wote, wa gunia, wa mtoto, wa mafuta, wa maji yaliyovuja chini ya mbao. Mstari ubavuni ni mizani ambayo haiwezi kupewa kitu kidogo.

Tufanye hesabu, ya darasa tu. Tuseme bato ya mita 20 kwa mita 4. Ukiondoa mviringo wa mbele na nyuma, eneo linalokaa juu ya maji ni kama mita za mraba 64. Maji ya ziwa ni baridi lakini ni matamu, mita moja ya ujazo ni tani moja. Kwa hiyo kila sentimita bato inayoshuka imebeba kilo 640 zaidi. Magunia 100 ambayo kila moja limedanganya kilo 25, ni tani mbili na nusu: sentimita 4. Watu 200 juu ya wale walioruhusiwa, kwa kilo 60 kila mmoja, ni tani 12: karibu sentimita 19. Kama ubavu mkavu ulikuwa sentimita 40 asubuhi, sasa umebaki 17. Wimbi la kawaida la mchana kwenye Kivu linaingia bila kupiga hodi. Hesabu hii haihitaji lisansi. Na mstari hauhitaji hata hesabu: mama asiyejua kusoma anasimama ukingoni, anaona rangi iko juu ya maji ao iko chini, anaamua kama anapanda. Mbele ya kitabu hiki sikuwahi kufikiri kwamba sheria inaweza kuandikwa kwenye ubavu wa kitu ili yule inayemlinda aisome mwenyewe.

Sasa nimkosoe muzee, juu naona wengi wanaomtaja leo wanamfanya mtakatifu.

Kosa la kwanza ni jinsi anavyowapenda mabaharia. Anawapenda sana, na ninaamini kwa moyo wote. Mwenyewe alifilisika akiwa kijana, akaishi London katika nyumba za kulala za maskini, na hakusahau. Lakini katika kitabu chake baharia ni mtu mwema, mvumilivu, mume mzuri, na mjane wake analia kwa adabu. Mara chache wanaongea wenyewe. Anayeongea ni Plimsoll. Nilipokuwa nasoma nilikuwa najiuliza: na yule baharia mlevi, mgomvi, mwenye wake wawili katika bandari mbili, huyo azame? Ukimwomba mtu aokoe maskini juu maskini ni wazuri, siku akikutana na maskini mubaya atamwacha. Kwetu tumeyasikia baada ya kila ajali: «Lakini nao walikuwa wanapanda wengi sana, hawasikii.» Ni kweli walipanda wengi. Mimi mwenyewe nimepanda bato niliyoona imejaa. Nilikuwa na magunia 11 na deni la kulipa Jumamosi. Sikuwa mwema, sikuwa mvumilivu, nilimsukuma muzee mmoja kwenye daraja la mbao ili nipate nafasi. Sheria ya kweli lazima initoshe hata mimi wa siku ile.

Kosa la pili ni haraka yake ya kushitaki. Anakusanya habari bandarini, nyingine za kuaminika, nyingine za kusikia, anazitupa zote ndani. Hakuwataja wote kwa majina lakini aliwaonyesha kwa kidole kiasi kwamba mbunge mmoja mwenye meli alimpeleka mahakamani. Alitumia feza nyingi kujitetea. Tunaoandika kwenye kurasa za mitandao tujifunze hapo: mtu akiwa na haki katika jambo kubwa, kosa dogo la ukweli njo mlango ambao adui anaingilia.

Kosa la tatu ni zito zaidi, na si rahisi. Baada ya kitabu, Serikali iliunda tume ya kifalme. Tume ikachunguza, na mwaka 1874 ikakataa kupendekeza mstari wa lazima. Wengi wanaisimulia kama tume ya wanunuliwa. Mimi nilijaribu kuisikiliza. Hoja yake moja ilikuwa hii: Serikali ikisema mstari uko hapa, basi meli ikizama mwenye meli atasema «nilifuata mstari wenu», na jukumu limehama kutoka mfukoni mwake kwenda ofisini kwa Serikali. Kwa mtu wa Kivu hoja hiyo si ya kuchekwa. Angalieni bandarini kwetu. Bato ikishapigwa muhuri, kila mtu ametoka katika jambo. Mwenye bato yuko na karatasi. Mwenye muhuri yuko na nakala ya karatasi. Kapiteni yuko na amri ya kuondoka. Ikizama, unatafuta aliyekosa, unapata karatasi nne zinazosema hakuna. Plimsoll alijibu hoja hii kwa kupaza sauti, hakuijibu kwa kufikiri, na ni pengo la kweli katika kitabu chake.

Jibu lilikuja baadaye sana, tena si kutoka kwake. Mwaka 1987 kivuko Herald of Free Enterprise kilipinduka nje ya Zeebrugge, Ubelgiji, juu kiliondoka milango ya mbele ikiwa wazi. Watu 193 walikufa. Uchunguzi haukuishia kwa yule aliyelala badala ya kufunga mlango, ulipanda ngazi mpaka ofisi za kampuni. Kutoka hapo ikatokea kanuni ya kimataifa ya uongozi wa usalama, ambayo tangu 1998 ni ya lazima kwa meli za abiria: kampuni iandike jinsi inavyoendesha usalama, na iweke mtu wa nchi kavu, mwenye jina, anayeweza kufika kwa mkubwa wa juu kabisa. Yaani alama ubavuni na jina ofisini, vyote viwili. Plimsoll aliona nusu.

Hata ile nusu haikupita kwa urahisi. Julai 1875 Disraeli aliondoa mswada wa meli bungeni. Plimsoll alisimama akapiga kelele, akawaita wenzake mabazazi, akakataa kuomba radhi, akatolewa nje. Watu nje ya bunge walikasirika hivi kwamba ndani ya wiki chache sheria ya muda ilipatikana, na 1876 sheria kamili. Ushindi? Someni vizuri. Sheria ya 1876 ilisema kila meli iwe na mstari. Haikusema mstari uwekwe wapi. Mwenye meli alichagua mwenyewe. Inasimuliwa kwamba kapiteni mmoja wa Cardiff aliupaka kwenye bomba la moshi. Ilichukua miaka mingine 14, mpaka 1890, ndipo Serikali ikaanza kuweka mahali pa mstari. Mkataba wa kimataifa ukaja 1930, ukabadilishwa na ule wa 1966.

Mimi bomba la moshi lilinichekesha, halafu nikaacha kucheka. Idadi ya abiria kwenye bato zetu inapakwa na nani?

Titanic nitaipita haraka, juu kila mtu ameona filamu. Jambo moja tu: ilikuwa imefuata sheria. Kanuni ya Uingereza ilihesabu mashua za kuokolea kwa tani za meli, na ngazi ya mwisho ilikuwa «tani 10,000 na zaidi», mashua 16. Titanic ilikuwa na tani 46,000 na mashua 20, nafasi 1,178, watu zaidi ya 2,200. Kutoka hapo ukaja mkataba wa kwanza wa usalama wa maisha baharini, 1914, na baada yake mingine mpaka ule wa 1974 unaotumika leo, maarufu kwa jina la SOLAS.

Rafiki yangu wa sheria alinitumia na huo. Nikaufungua kwa heshima. Katika sura ya kwanza kabisa unasema hauwahusu nani: meli za mizigo zilizo chini ya tani 500, vyombo visivyo na injini, vyombo vya uvuvi, na vyombo vya mbao vya ujenzi wa kizamani. Soma tena hiyo ya mwisho. Dunia nzima ilikaa London, ikakumbuka kwamba sisi tuko na balenieri za mbao, ikatutaja, ili ituache nje. Mkataba wa mstari nao unaanzia meli mpya za mita 24, na yote miwili ni ya safari za kutoka nchi hadi nchi. Siilaumu kabisa. Mikataba hii ilitengenezwa kwa meli zinazokutana katika bandari za wengine, na kila nchi ilibakishiwa maji yake ya ndani. Lakini ukisikia mkubwa anasema kwenye redio kwamba nchi yetu imesaini mikataba ya usalama, muulize kwa heshima: mkataba gani unamhusu mama wa Minova? Tuna pwani ya bahari isiyofika hata kilomita 50, pale Banana na Moanda. Maji yetu karibu yote ni ya mito na maziwa.

Na hapa kuna picha ambayo siwezi kuiondoa kichwani. Meli kubwa kutoka bahari ya Atlantiki zinapanda mto wetu mpaka Matadi. Ubavuni zina ile duara iliyokatwa na mstari, na kando yake ngazi ndogo ya herufi. Herufi F ni ya maji matamu: juu maji ya chumvi yanabeba zaidi, karibu sehemu 25 kwa elfu, meli ikiingia mtoni inashuka kidogo, na sheria imefikiria hata hicho kidogo. Ni kitu kizuri sana, nakiri. Mto wetu umehesabiwa kwenye ubavu wa meli ya wageni, kwa sentimita. Juu zaidi kwenye mto ule ule, baada ya Kinshasa, watu wanalala juu ya mbao na magunia, na ubavu hauna kitu.

Tuko na sheria yetu lakini. Ordonansi-sheria ya tarehe 14 Machi 1966 ya usafiri wa mito na maziwa. Iko karibu na umri wa babu zetu, na bado njo msingi. Sisemi haina kitu. Bato inapaswa kuandikishwa, inapaswa kukaguliwa kabla ya kupata cheti cha kusafiri, kuna komisere wa kuangalia. Ninachokosoa ni mahali inapokaa. Inakaa ofisini, kwa Kifaransa, ndani ya jalada. Anayepanda hawezi kuisoma hata akitaka. Nimezunguka na wauzaji wenzangu nikiuliza kama wanajua sheria ya ziwa. Wote wanajua mambo mawili, kwamba usiku ni marufuku na kwamba kuna makuta ya kulipa kwa jile. Jile yenyewe wengine hawajawahi kuivaa. Ni kama msumari ule wa Plimsoll, kichwa kinaonekana.

Jirani zetu wa Tanzania nao wameyajua. MV Bukoba ilipozama kwenye ziwa Victoria tarehe 21 Mei 1996, orodha ya abiria ilikuwa na watu 443, wa daraja la kwanza na la pili. Daraja la tatu halikuwa na orodha. Mamia walikufa ambao karatasi haikuwajua. Tunahesabu wenye vitanda, tunaacha waliosimama, halafu tunagombana wiki nzima juu ya idadi ya maiti.

Kuna kitu kimoja ambacho mstari hauwezi, na lazima nikiseme nisije nikawauzia dawa ya uongo. Mstari unapima uzito, haupimi mahali uzito ulipo. Bato inaweza kuwa na ubavu mkavu wa kutosha na bado ipinduke, kama magunia yako chini machache na watu wako juu wengi, na wote wakakimbilia upande mmoja kushuka. Walioona Merdi walisema ilikuwa inakaribia kabisa kutia nanga. Plimsoll alijua kidogo juu ya hatari ya mzigo wa juu, alipigana na mbao zinazorundikwa kwenye sitaha wakati wa baridi, na sheria ya 1876 iligusa jambo lile. Lakini mbao hazikimbilii ndugu zao ukingoni. Kitabu chake ni cha mizigo na mabaharia, abiria hawamo. Kwetu abiria njo mzigo, na ni mzigo unaosimama, unaogeuka, unaoita jina la mtu.

Halafu feza. Nilisema nguvu yake ni kufuata feza, na ukimwiga bila kufikiri utapotea. Mwenye bato ndogo ya Kivu hana bima kubwa ya kumfurahisha bato ikizama. Ikizama amefilisika, mara nyingine amekufa nayo. Kwa hiyo picha ya tajiri anayetabasamu ofisini haitoshi hapa. Faida yetu ya hatari inakatwa vipande vidogo: kichwa kimoja zaidi kwa mwenye bato, noti moja kwa aliyefumba macho, nauli nafuu kwangu mimi mwenye magunia 11, bei nafuu ya maharagi kwako wewe wa Goma uliyeyanunua Jumapili. Plimsoll alikuwa na adui ambaye angeweza kumtikisia ngumi bungeni. Sisi nani tumtikisie? Kitabu hakinisaidii hapo, na nimekisoma mara mbili nikitafuta.

Bado naomba mkisome, hasa ninyi wa sheria, na wa uchumi ambao kila mwaka mnatafuta mada ya TFC. Kiko bure, ni cha zamani hakina mwenye haki. Rukeni sehemu anazohubiri. Kaeni kwenye zile anazohesabu.

Mwezi uliopita nilirudi bandarini, si kusafiri, kuangalia tu. Nilimkuta papa mmoja anayetengeneza bato, brashi mkononi, anapaka ubavu rangi ya bluu. Nilimsalimia, nikamuuliza: «Papa, na kama ungeweka mstari mweupe hapa, kuonyesha mwisho wa maji?» Akaangalia mahali nilipoweka kidole, kama kiganja kimoja na nusu chini ya ukingo. Akasema: «Injenia, rangi nyeupe niko nayo, si shida. Lakini hapo ulipoweka kidole, maji iko inapita kila siku ya soko.» Akanipa brashi nishike, akaenda kuita mwenye bato tuongee naye. Mwenye bato alisema atafikiri. Rangi ya bluu ilikauka.